Saa Moja ya Nani? Historia ya Safari kati ya Mwanza na Dar es Salaam

Mwezi uliopita nilikuwa nyumbani Kisesa, kumtembelea mama. Kwa msomaji asiyeijua, Kisesa ni mji mdogo wa wilaya ya Magu, kilomita 20 hivi mashariki ya jiji la Mwanza, kando ya barabara kuu iendayo Musoma na Sirari. Wengi huisikia kwa sababu ya Bujora, yalipo makumbusho ya Wasukuma, na kwa sababu ya ngoma za Bulabo zinazochezwa kila Juni.

Jioni moja mpwa wangu, ambaye yuko kidato cha tatu, alikuwa na zoezi la jiografia. Alitakiwa kutaja umbali wa anga na muda wa safari ya ndege kati ya Mwanza na Dar es Salaam. Alichukua simu, akaandika majina mawili, na kabla chai haijapoa alikuwa na jibu. "Mjomba, ni kilomita 850. Saa moja na dakika ishirini."

Mama alikuwa ameketi mkekani akichambua mchele. Aliinua uso akauliza, "Hiyo saa moja ni ya nani?"

Kijana alicheka. Mimi sikucheka, kwa sababu nilijua swali lile limetoka wapi. Nitalieleza huko mbele. Makala haya ni jaribio langu la kumjibu mama, na kulijibu kwa historia. Nataka kuonyesha kwamba umbali kati ya Mwanza na Dar es Salaam haujabadilika tangu dunia iumbwe, lakini muda wa kuumaliza umekuwa ukipangwa na watu, kwa malengo yao, katika kila zama. Ukitaka kujua dola inamthamini nani, tazama imemfupishia nani safari.

Tarakimu zenyewe

Tuanze na haki ya kijana: jibu lake ni sahihi. Uwanja wa ndege wa Mwanza uko karibu nyuzi mbili na nusu kusini ya ikweta, na ule wa Dar es Salaam karibu nyuzi saba. Ukipima mstari mfupi kuliko yote juu ya mgongo wa dunia kati ya viwanja hivyo viwili, unapata takriban kilomita 850. Reli hupita kwingine, nayo ina kilomita 1,219. Barabara ya kupitia Shinyanga, Singida, Dodoma na Morogoro inakaribia kilomita 1,150. Kwa hiyo ndege humwokolea abiria kilomita 300 hivi hata kabla hatujazungumzia kasi.

Muda nao una hesabu yake. Ndege ya injini za jeti, iendayo kilomita 800 kwa saa, ingemaliza masafa hayo kwa dakika 65 kama ingekwenda kwa kasi hiyo tangu mwanzo hadi mwisho. Lakini lazima itembee uwanjani, ipande, ishuke, ipange foleni ya kutua; ndiyo maana ratiba huandika saa moja na robo au saa moja na nusu. Ndege ya pangaboi huhitaji zaidi. Mashirika ya ndege huhesabu muda huo tangu ndege inapoanza kusogea kutoka maegesho hadi inaposimama upande wa pili. Saa ya kwenda uwanjani, saa mbili za kusubiri na saa ya foleni ya Dar es Salaam hazimo. Hayo ni ya abiria mwenyewe.

Neno muhimu hapa ni "abiria". Hesabu yote ile imefanywa kwa ajili ya mtu ambaye tayari ana tiketi.

Kuna tarakimu nyingine ambazo zoezi halikuziuliza. Kutoka Mwanza hadi Entebbe kwa mstari wa anga ni kilomita 280 hivi. Hadi Kigali ni kama 315. Hadi Nairobi ni kama 460, na hadi Dodoma, makao makuu ya nchi, ni kama 520. Kati ya miji hiyo yote, Dar es Salaam ndiyo iliyo mbali zaidi na sisi watu wa ziwani. Hata hivyo ndiyo tuliyofungwa nayo kwa kamba zote: ya reli, ya barabara, ya anga na ya faili. Kamba hizo hazikufungwa na jiografia.

Siku 103 kwa miguu

Kabla ya reli, safari ya kutoka pwani hadi ziwani ilipimwa kwa miezi. Mfano ulioandikwa vizuri ni wa msafara wa Henry Morton Stanley. Uliondoka Bagamoyo tarehe 17 Novemba 1874 na kufika Kageyi, kijiji cha Usukuma kilicho ufukweni mwa Ghuba ya Speke, si mbali na hapa Kisesa, tarehe 27 Februari 1875. Yeye mwenyewe alizihesabu kuwa siku 103, na kwa kipima hatua chake akapata maili 720, yaani karibu kilomita 1,160. Angalia jinsi tarakimu hiyo inavyokaribiana na urefu wa barabara ya leo. Miguu ya wapagazi na magurudumu ya mabasi yamepita masafa yaleyale.

Vitabu vingi vinamtaja Stanley na mashua yake, Lady Alice, iliyobebwa vipande vipande kutoka pwani. Aliyeibeba hatajwi. Zaidi ya watu 300 walianza safari ile, wengi wao wakiwa Waungwana wa pwani na Zanzibar pamoja na Wanyamwezi. Homa, njaa na mapigano ya Ituru viliwapunguza sana kabla hawajaona maji. Kwa magazeti mawili yaliyogharimia msafara, moja la London na jingine la New York, siku 103 zilikuwa simulizi ya kuuzia nakala. Kwa mpagazi zilikuwa siku 103 za mzigo kichwani.

Hatupaswi kudhani kwamba njia ile iligunduliwa na wageni. Wanyamwezi na Wasukuma walikuwa wakishuka pwani na pembe, majembe na mifugo tangu zamani. Misafara ya Waarabu na Wazungu ilifuata nyayo zao. Lakini kadiri karne ya 19 ilivyosonga, mwenye kupanga siku ya kuondoka na kasi ya mwendo alizidi kuwa mwenye mzigo, na si mwenye kichwa kilichoubeba. Mpangilio huo tutaukuta tena.

Reli ya pamba

Wajerumani walianza kujenga Reli ya Kati kutoka Dar es Salaam mwaka 1905. Ilifika Morogoro 1907, Tabora 1912 na Kigoma 1914. Mwanza ilisubiri. Tawi la kutoka Tabora, lenye kilomita 379, lilikamilishwa na Waingereza mwaka 1928. Kuanzia hapo safari ya miezi mitatu ikawa ya siku mbili hivi.

Hakuna mabadiliko makubwa kuliko hayo katika historia yote ya umbali huu. Kutoka siku 103 hadi siku mbili ni mruko mkubwa kuliko kutoka siku mbili hadi saa moja. Ila tujiulize reli ilijengwa kwa ajili ya nani. Usukuma ilikuwa nchi ya pamba, na pamba ilihitaji kufika bandarini. Abiria wa daraja la tatu alikuja nyuma ya marobota. Marehemu baba yangu, mkulima wa pamba, alisafiri na treni hiyo mara tatu maishani mwake. Alipenda kututajia vituo kama mtu anayesoma rozari: Malampaka, Shinyanga, Isaka, Tabora, Itigi, Manyoni, Dodoma, Kilosa, Morogoro. Alisema pamba haikusafiri ikiwa imesimama, lakini yeye alisimama kutoka Tabora hadi Dodoma.

Mwanza na London, 1931

Sasa nafika kwenye jambo ambalo wanafunzi wangu huwa hawaliamini. Ndege ya kwanza ya ratiba kuiunganisha Mwanza na dunia iliiunganisha na London.

Tarehe 28 Februari 1931, shirika la Uingereza la Imperial Airways lilianzisha safari ya kila wiki kutoka London kuja Afrika ya Mashariki. Kituo cha mwisho cha njia hiyo kilikuwa Mwanza. Safari ilipita Misri, ikafuata Naili hadi Khartoum, na kutoka hapo ndege za majini zikaendelea kusini hadi kwenye ziwa letu. Ndege hizo hazikuhitaji uwanja; zilitua juu ya maji kama mabata. Safari nzima ilichukua takriban siku kumi, kwa kuwa usiku ndege zililala. Mzigo uliothaminiwa zaidi ulikuwa barua: za serikali, za mabenki, za makampuni ya biashara.

Tutafakari maana yake. Mwaka 1931 barua ya karani wa London ilikuwa na ratiba ya anga hadi Mwanza, huku mkulima wa Kisesa mwenye kesi ya ardhi akiwa bado na treni na miguu yake. Hapo ndipo tunapoona kwamba ramani ya muda na ramani ya nchi ni vitu viwili tofauti. Dola ya kikoloni iliifupisha njia ya amri. Njia ya malalamiko iliachwa ilivyokuwa.

Lakini Mwanza haikudumu na heshima hiyo. Januari 1932 njia ilirefushwa hadi Cape Town, na ndege zikaanza kukata kutoka Kisumu kwenda Nairobi, Moshi, Dodoma na Mbeya. Mwanza iliachwa pembeni katika muda usiofikia mwaka mmoja. Hakuna aliyewauliza wakazi wake walipopewa njia, na hakuna aliyewauliza waliponyang'anywa. Mji ulikuwa karibu na London kwa miezi kumi na mmoja, kisha ukawa mbali tena, bila ziwa wala bahari kusogea hata hatua moja.

Jumuiya, kuvunjika kwake, na safari iliyopotoka

Baada ya Vita Kuu ya Pili, mwaka 1946, serikali za Kenya, Uganda, Tanganyika na Zanzibar zilianzisha Shirika la Ndege la Afrika Mashariki. Kwa miongo mitatu shirika hilo liliisuka kanda nzima kama mkeka mmoja. Kwa ndege aina ya DC-3, iliyokwenda chini ya kilomita 300 kwa saa, kilomita 850 zilihitaji saa tatu hivi angani, mbali na vituo vya njiani. Baadaye zikaja Fokker Friendship, na muda ukapungua.

Mapema mwaka 1977 shirika hilo lilikufa pamoja na Jumuiya ya Afrika Mashariki. Tanzania ikaunda Shirika la Ndege la Tanzania mwezi Machi mwaka huohuo. Mpaka wetu na Kenya ulifungwa, na haukufunguliwa hadi Novemba 1983. Kwa watu wa Dar es Salaam hilo lilikuwa tukio la kidiplomasia. Kwa watu wa ziwani lilikuwa ukuta mbele ya mlango, kwani Kisumu na Nairobi ndizo zilizokuwa majirani zetu wa karibu. Kamba ya Dar es Salaam ikabaki peke yake, nayo ikakazwa.

Ni katika miaka hiyo ya dhiki ndipo lilipotokea tukio la ajabu kuliko yote katika historia ya njia hii. Tarehe 26 Februari 1982, ndege ya abiria aina ya Boeing 737 iliondoka Mwanza kwenda Dar es Salaam. Haikufika. Vijana wa Kitanzania waliokuwamo waliiteka, wakaipeleka Nairobi, kisha Jeddah, kisha Athens, na hatimaye uwanja wa Stansted karibu na London. Walitaka Rais Nyerere ajiuzulu. Rubani msaidizi alijeruhiwa kwa risasi. Baada ya mazungumzo, ambayo Oscar Kambona, waziri wa zamani aliyekuwa akiishi uhamishoni Uingereza, alishirikishwa, watekaji walijisalimisha, na mahakama ya Uingereza ikawahukumu vifungo.

Sitetei utekaji. Abiria wale, miongoni mwao watoto, hawakuwa na kosa. Nautaja kwa sababu unaonyesha hali ya wakati ule. Katika nchi ya chama kimoja, vijana hao waliona ni rahisi zaidi kufikisha kauli yao Dar es Salaam kwa kupitia Stansted. Walikuwa kwenye ndege ambayo ingefika Dar es Salaam chini ya saa mbili. Wakaona kwamba hata wangefika, wasingesikika. Miaka 51 baada ya London kuja Mwanza kwa ndege ya barua, Mwanza ilikwenda London kwa ndege iliyotekwa. Mara zote mbili, mwananchi wa kawaida hakuwa na sauti katika ratiba.

Mabasi ya Nairobi

Kwa wasiosafiri kwa ndege, miaka ya 1990 ilileta kioja kingine. Barabara ya katikati ya nchi, hasa kipande cha Singida hadi Nzega, ilikuwa mbaya kiasi kwamba masika iliweza kulilaza basi porini kwa siku kadhaa. Kwa hiyo mabasi mengi ya Dar es Salaam na Mwanza yalizunguka kwa kupitia Arusha, Namanga, Nairobi, Kisii, Sirari na Musoma.

Nilikuwa kijana wakati huo, na barabara hiyo hupita hapahapa Kisesa. Mabasi yaliyotoka mji mkuu wetu wa biashara yaliingia Mwanza kutoka upande wa Kenya, yakiwa na vumbi la nchi mbili. Mtanzania aliyetoka mji mmoja wa Tanzania kwenda mwingine aligongewa mihuri ya mpakani mara mbili njiani. Asiye na hati ya kusafiria alifika mpaka wa Namanga akiwa na wasiwasi wa mtu anayehama nchi, ilhali alikuwa akienda kuzika nyumbani kwao.

Lami ya barabara ya katikati ilipokamilika kwa vipande katika miaka ya 2000, mabasi yaliiacha Nairobi. Hayo ni maendeleo ya kweli, na sifa yake tuitoe bila choyo. Lakini tukumbuke kwamba katika miaka hiyohiyo ya mabasi kuzunguka Kenya, ndege kubwa za mizigo zilikuwa zikitua na kuruka Mwanza kwa ajili ya minofu ya sangara iliyokwenda Ulaya. Samaki aliyevuliwa ziwani aliweza kufika Ulaya kabla jirani yangu hajafika Singida. Samaki alikuwa na mnunuzi mwenye haraka.

Baba yangu

Sasa nieleze swali la mama lilikotoka.

Novemba 2012 ilianza safari ya ndege za bei nafuu kati ya Dar es Salaam na Mwanza. Shirika la fastjet lilitangaza nauli za kuanzia shilingi 32,000 kabla ya kodi. Watu ambao hawakuwahi kuota kupanda ndege walipanda. Wengi wetu tuliamini kwamba enzi ya umbali imekwisha. Mwishoni mwa 2018 shirika hilo lilikoma kuruka nchini.

Katikati ya kipindi hicho, mwaka 2015, baba alifariki ghafla hapa Kisesa, siku ya Jumatano mchana. Mimi nilikuwa mhadhiri Dar es Salaam. Kaka yangu mkubwa alikuwa fundi mwashi Mbagala. Nauli za bei nafuu huwa ni za anayejua miezi miwili mapema kwamba atafiwa. Sisi tulikuta viti vichache vya bei ya siku ileile. Nilikuwa na fedha za tiketi moja. Kaka akasema, "Nenda wewe, ukapange mambo. Mimi nitakuja na basi."

Wakati huo mabasi ya abiria hayakuruhusiwa kusafiri usiku. Serikali iliyaruhusu tena mwaka 2023. Kwa hiyo ilibidi kaka asubiri alfajiri. Alhamisi saa nne asubuhi mimi nilikuwa Kisesa, nimeoga, nimekaa na wazee. Yeye saa hizo alikuwa akikaribia Dodoma. Jioni basi liliharibika mbele ya Singida, na abiria wakalala njiani.

Ijumaa asubuhi wazee waliniuliza, "Tumsubiri kaka yako, au tuzike?" Yeye ndiye mtoto wa kwanza, nyumbani kwetu ndiye aliyepaswa kutangulia kutia udongo kaburini. Nami nilikuwa na tiketi ya kurudi ya jioni ileile, isiyobadilishwa, na mitihani ya kusimamia Jumamosi. Nikasema tuzike.

Kaka alifika saa kumi alasiri. Alishuka barabarani na mfuko wake, akatembea hadi nyumbani, akakuta watu wanakunja maturubai. Hakunilaumu. Aliuliza tu, "Mmeshamaliza?" Kisha akaenda kukaa kaburini peke yake. Mimi nilikuwa naelekea uwanjani.

Mama aliyaona hayo yote. Kwa hiyo mpwa wangu alipotangaza kwamba Dar es Salaam ni saa moja na dakika ishirini, mama alikuwa na haki ya kuuliza ni ya nani. Mume wake alizikwa kwa ratiba ya ndege. Watoto wake wawili waliondoka mji mmoja kwenda mji mmoja, kwa msiba mmoja, na mmoja alikuwa mbali mara kadhaa kuliko mwenzake.

Nimefundisha kwa miaka mingi kuhusu matabaka. Nakiri kwamba sikuwahi kuliona tabaka waziwazi kama siku ile, na mimi ndiye niliyekuwa upande wa juu.

Tunapima nini?

Nawaandikia hasa ninyi watumishi wa umma na ninyi wanafunzi mtakaokuwa watumishi. Tangu mwaka 2016 taifa limenunua ndege nyingi. Reli ya kisasa imefika Dodoma, na tangu katikati ya 2024 imekuwa ikibeba abiria; kipande cha Mwanza hadi Isaka, chenye kilomita 341, kilianza kujengwa mwaka 2021. Sipingi hata kimoja. Mwenye kumbukumbu ya mabasi ya Nairobi hawezi kuipinga reli.

Ninachoomba ni kubadili kipimo. Taarifa zetu za maendeleo hupenda kusema "Mwanza sasa ni saa moja kutoka Dar es Salaam", kama mpwa wangu alivyosema. Hiyo ni saa ya mwenye kasi kubwa kuliko wote. Kipimo cha haki cha muunganiko wa nchi ni saa ya mwenye mwendo mdogo kuliko wote: mgonjwa, mfiwa, mkulima mwenye rufaa. Na tuipime kutoka mlangoni kwake hadi mlango anaokwenda kuubisha. Kutoka Kisesa hadi uwanja wa ndege peke yake, kwa daladala za kubadilisha mjini, ni safari.

Halafu tujiulize swali la pili, ambalo ni zito zaidi: kwa nini asafiri? Kwa miaka mingi mgonjwa wa saratani wa Kanda ya Ziwa aliyehitaji tiba ya mionzi hakuwa na pa kwenda ndani ya nchi ila Ocean Road, Dar es Salaam. Kilomita 1,150 barabarani, akiwa na maumivu, na baada ya hapo wiki kadhaa za kuishi kwa ndugu. Hospitali ya Bugando ilipoanza kutoa tiba hiyo Mwanza, umbali ule ulifutwa kwa ajili yake. Hakuna ndege iliyowahi kumfupishia mgonjwa wa Kisesa safari kwa kiasi hicho. Huduma inayomfuata mtu ndiyo njia ya haraka kuliko zote, na faili linalosainiwa Magu halihitaji tiketi.

Tusisahau pia somo la Novemba 6, 2022. Siku hiyo ndege iliyotoka Dar es Salaam, ambayo ingeendelea hadi Mwanza, ilianguka ziwani karibu na uwanja wa Bukoba. Kati ya watu 43 waliokuwamo, 19 walifariki. Wa kwanza kuwafikia walikuwa wavuvi kwa mitumbwi yao. Katika dakika ile iliyoamua uhai, kasi ya ndege haikuwa na maana tena. Maana ilikuwa kwa nani aliyekuwa karibu na ana chombo gani. Nchi iliyowekeza mabilioni katika mwendo wa juu ilimtegemea mtu wa makasia. Tulimshukuru mvuvi. Sijui kama tumemweka kwenye mpango.

Siku ya kuondoka nilimwomba mpwa wangu anionyeshe zoezi lake. Alikuwa ameandika kilomita 850, saa moja na dakika ishirini, na mwalimu amempa vema. Chini yake, kwa kalamu ya risasi, alikuwa ameongeza mstari ambao haukuombwa: "Mjomba mkubwa: siku mbili." Mwalimu hakuuwekea alama yoyote.

Nilirudi Dar es Salaam kwa basi. Nilitaka kuzihesabu saa hizo mwenyewe. Zilikuwa kumi na nane.